Ukurasa Wenye Jina Lako

Mtathmini hasara akifika mahali gari lilipobondeka au duka lilipoungua, haanzi na kijitabu cha masharti. Anaomba karatasi moja: ile yenye jina la mwenye bima, namba ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha, mali iliyokingwa na thamani yake. Watu wa bima huiita skedyuli. Hapa tutaiita ukurasa wa muhtasari. Kwa ukurasa huo anaangalia kama gari analolitazama ndilo lililoandikwa, kama siku ya ajali imo ndani ya muda, kama gari lilikuwa likifanya kazi iliyotajwa, na kama thamani iliyoandikwa inaelekeana na kitu kilichoharibika. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuusoma kwa makini tangu ulipochapwa. Aliyelipa ada aliukunja akautia kabatini pamoja na kadi ya gari, au alitumiwa kwenye simu na hakuufungua.

Jambo hili ni zito kuliko linavyochukuliwa. Mkataba wa bima una kurasa nyingi, lakini karibu zote zimeandikwa kwa ajili ya umma mzima. Kijitabu cha bima kubwa ya gari anachopewa mwalimu wa Iringa hakina tofauti na anachopewa mwenye duka la dawa Mwanza, maadamu wamekata kwenye kampuni moja na aina moja ya bima. Kinachowatofautisha ni ukurasa wa muhtasari. Huo umechapwa kwa ajili ya mtu mmoja, mali moja na mwaka mmoja. Na kwa kuwa umechapwa na karani aliyenakili fomu iliyojazwa na wakala, ambaye naye huenda aliandika alichosikia kwenye simu, ndio ukurasa wenye nafasi kubwa kuliko kurasa zote ya kubeba kosa.

Mgawanyo huu una umri mrefu. Mwaka 1779 wafanyabiashara wa bima wa Lloyd's mjini London walikubaliana kutumia hati moja iliyochapwa kwa bima za meli. Maneno yake yalikuwa yaleyale kwa kila chombo. Nafasi ziliachwa wazi ili jina la meli, nahodha, safari na thamani vijazwe kwa kalamu. Baadaye Bunge la Uingereza liliiambatisha hati hiyo kwenye Sheria ya Bima za Baharini ya mwaka 1906. Lakini tangu mwaka 1803, katika kesi ya Robertson na French, Lord Ellenborough alikuwa ameshaeleza kwamba maneno yaliyojazwa kwa kalamu yana uzito kuliko yaliyochapwa pale panapokuwa na shaka juu ya maana, kwa sababu ndiyo wahusika waliyoyachagua wenyewe. Tanzania ilirithi misingi ya sheria za Uingereza zilizokuwapo hadi tarehe 22 Julai 1920, na fikra hiyo tumeishi nayo. Kijitabu kinaweza kuahidi mambo mengi mazuri, lakini ukurasa wa muhtasari ndio unaoamua ni yapi kati ya hayo yanamhusu mteja huyu.

Basi tuanze na jina. Linaonekana jambo dogo, hadi pale gari lililonunuliwa mkononi linapopata ajali. Watu wengi hununua gari kwa mtu, wakakabidhiana funguo na kadi, kisha uhamisho wa umiliki ukaahirishwa mwezi hadi mwezi. Bima iliyopo ni ya mwenye gari wa zamani. Mnunuzi anajua kwamba gari "lina bima" na analiendesha kwa amani. Bima, hata hivyo, haitembei na gari. Ni makubaliano kati ya kampuni na mtu aliyetajwa. Mwenye gari wa zamani ameshauza, hana tena cha kupoteza gari likiharibika, na mtu asiye na maslahi katika mali hawezi kulipwa fidia kwa hasara ya mali hiyo. Mnunuzi ana maslahi, lakini jina lake halimo. Kati ya hao wawili fidia haina mlango wa kupitia, na ada ililipwa mwaka mzima. Dawa yake ni kuijulisha kampuni siku ileile ya mauziano na kuomba jina libadilishwe kwa maandishi, hata kabla uhamisho wa kadi haujakamilika.

Baada ya jina huja namba ya usajili, namba ya chesisi na namba ya injini. Hapa kazi ni ya macho tu: shika kadi ya gari mkono mmoja na ukurasa mkono wa pili, soma herufi kwa herufi. Magari mengi yaliyotumika tunayoagiza Japani yana namba za chesisi zinazoanza na msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu, tofauti na ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 iliyozoeleka katika magari ya nchi nyingine. Sifuri hugeuka herufi O, tarakimu moja ikaruka, na gari lililoandikwa likawa gari ambalo halipo duniani. Kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa dakika chache likiletwa mapema. Likigundulika gari limeshaibwa, linakuwa swali la uchunguzi, na uchunguzi huchukua muda ambao mwenye gari hana.

Kipengele cha matumizi kinahitaji tukae nacho zaidi, kwa sababu maisha ya mjini yamekibadilisha. Zamani mambo yalikuwa wazi: gari la namba za njano ni la binafsi, la namba nyeupe ni la biashara, na kila mmoja alikata bima ya upande wake. Siku hizi gari la namba za njano linampeleka mwenyewe kazini asubuhi, jioni linawashiwa programu ya teksi kwenye simu, na Jumamosi linakodishwa kwa maharusi. Noah ya familia inapeleka watoto wa jirani shule kwa malipo ya mwezi. Pikapu ya shambani inabeba mzigo wa watu wengine ikirudi mjini. Mwenye gari anaona ni gari lilelile. Kampuni ya bima inaona hatari nyingine kabisa: kilomita nyingi zaidi, madereva wengine, abiria wanaolipa, usiku mwingi barabarani. Ndiyo sababu ada ya biashara ni kubwa kuliko ya binafsi.

Ukurasa ukisema matumizi ni binafsi, na ajali ikatokea abiria aliyelipa nauli akiwa kiti cha nyuma, kampuni ina hoja ya kukataa, na hoja hiyo imeandikwa kwenye karatasi aliyonayo mteja mwenyewe. Nimesikia watu wakisema kwamba mtathmini hawezi kujua. Anajua. Abiria huandika maelezo polisi, na maelezo hayo huwamo kwenye jalada ambalo kampuni huliomba. Anayeendesha teksi ya mtandao kwa gari lenye bima ya binafsi amenunua karatasi ya kumtuliza trafiki, na ameiacha familia yake na deni la gari. Kuongeza ada ili matumizi yaandikwe jinsi yalivyo kunauma mfukoni, nakubali, lakini ndiyo bima pekee iliyopo kwa kazi hiyo. Mstari wa madereva husomwa pamoja na huu: kuna mikataba inayomruhusu dereva yeyote mwenye leseni ya daraja linalohusika, na kuna inayotaja watu kwa majina. Kijana wa nyumbani aliyepata leseni mwaka jana anaweza kuwa nje ya mstari huo, au kuwa ndani yake kwa makato makubwa zaidi.

Eneo la kijiografia halihitaji maneno mengi. Bima ya kawaida ya gari iliyokatwa Tanzania hukomea mipakani, isipokuwa ukurasa useme vinginevyo. Anayevuka Tunduma kwenda Zambia, Namanga kwenda Kenya au Rusumo kwenda Rwanda anahitaji kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Kadi hiyo huwakinga watu wengine barabarani katika nchi hizo. Gari lako mwenyewe likipinduka upande wa pili, utafute kama bima yako kubwa imeongezewa eneo hilo kwa maandishi.

Tarehe nazo zisomwe pamoja na saa. Bima ya mwaka iliyoanza tarehe 14 Machi huisha tarehe 13 Machi mwaka unaofuata, kwa kawaida saa sita usiku, wala haina siku za hisani kwa gari. Wapo wanaodhani kwamba kumwahidi wakala malipo ni sawa na kulipa. Kanuni inayofuatwa nchini ni kwamba hapana kinga bila ada kulipwa. Wakala mwema anaweza kukukopesha kwa mdomo, lakini ahadi yake haiwashi bima. Angalia tarehe ya stakabadhi na tarehe ya kuanza kwa bima. Kama zimepishana, uliza ni ipi kampuni inaitambua, na jibu lije kwa maandishi.

Sasa thamani. Kama msomaji ana dakika tano tu za kuutazama ukurasa wake leo, nne azitumie kwenye tarakimu hii.

Kwa gari, makosa huenda pande zote mbili. Mtu ameagiza gari Japani, akaandika bei aliyomlipa muuzaji pamoja na usafiri hadi bandarini, akasahau kwamba ushuru na kodi alizolipa Dar es Salaam zilikaribia bei hiyo yenyewe. Gari lililomgharimu shilingi milioni 20 hadi kufika nyumbani limekingwa kwa milioni 11. Likiibwa, kampuni haiwezi kulipa zaidi ya kilichoandikwa. Upande wa pili yupo anayeandika milioni 30 kwa gari la milioni 20, akiamini kwamba likipotea atapata faida. Hatapata. Bima ya mali hurudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara. Mikataba mingi ya magari hulipa thamani ya soko ya siku ya ajali au kiasi kilichoandikwa, kile kilicho kidogo. Kama ada yake ni asilimia 3.5, zile milioni 10 za ziada zimemgharimu shilingi 350,000 kwa mwaka bila hata kuhesabu kodi ya ongezeko la thamani, na hazikununua chochote.

Kwa duka, ghala na nyumba, hatari iko kwenye kanuni ya wastani, na hii ndiyo inayowaumiza watu wasioijua kuliko kipengele kingine chochote. Chukua mwanamke mwenye duka la vitenge lenye mzigo wa shilingi milioni 40. Ili ada ipungue, amekata bima ya milioni 20. Moto wa hitilafu ya umeme unaunguza mzigo wa milioni 10 kabla haujazimwa. Anatarajia milioni 10, maana ni ndogo kuliko 20 alizokatia. Kampuni itamlipa milioni 5, kisha itatoa makato. Hesabu yake ni kwamba alikinga nusu ya mali, kwa hiyo nusu nyingine ya kila hasara, hata iliyo ndogo, ameibeba mwenyewe. Hakuna udanganyifu hapo. Kanuni imechapwa kijitabuni. Lakini ukurasa wa muhtasari unaonyesha milioni 20 peke yake, wala hausemi kwamba mzigo halisi ni milioni 40. Hilo mwenye duka ndiye anayelijua.

Tazama tena jinsi biashara inavyokwenda. Mzigo wa Januari si mzigo wa wiki mbili kabla ya Idi au Krismasi. Ukurasa uliochapwa Februari kwa kipimo cha mzigo wa kawaida utakuwa mfupi Desemba, wakati stoo imejaa hadi kwenye ngazi. Kampuni nyingi hukubali nyongeza ya muda kwa msimu, au tamko la mzigo la kila mwezi, lakini lazima mteja aombe. Tumeona masoko yakiungua: Soko Kuu la Kariakoo Julai 2021, Karume Januari 2022. Moto wa soko hauchagui msimu, na usiku mmoja unatosha kumaliza mtaji uliokusanywa miaka mingi.

Anwani iandikwe kwa ukali uleule. Mzigo umekingwa mahali palipotajwa. Mfanyabiashara aliyehama fremu, hata kwa kuvuka barabara tu, au aliyekodi stoo ya pili uchochoroni kwa sababu ya kwanza imejaa, ana mali iliyo nje ya ukurasa. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa na nyumba nyingi zina majina na namba. Zitumike badala ya maelezo kama "karibu na msikiti" au "mkabala na kituo cha mafuta". Kuta na paa pia huandikwa. Jengo la tofali na bati halina hatari sawa na banda lenye paa la makuti, na ukurasa ukitaja bati wakati paa lako ni makuti, kampuni imekubali kitu ambacho hakipo.

Kisha kuna bima inayokatwa kupitia benki, na hapa nasema kwa uchungu. Mkopaji husaini karatasi nyingi siku moja, ada inakatwa kwenye akaunti yake, na ukurasa wa muhtasari unabaki kwenye faili la tawi. Yeye anajua kwamba "nimekatiwa bima". Tuseme mkopo uliobaki ni shilingi milioni 30, na jengo pamoja na mzigo vina thamani ya milioni 90. Benki imekinga milioni 30, kiasi kinachotosha kulinda fedha zake. Moto unaleta hasara ya milioni 30. Kwa kanuni ya wastani, kwa kuwa theluthi moja tu ya mali ilikingwa, fidia ni milioni 10. Benki, iliyoandikwa kama mlipwaji wa kwanza, inazichukua zote. Mkopaji anabaki na jengo lililoungua na deni la milioni 20. Alilipa ada kila mwaka.

Kila mkopaji ana haki ya kuuona ukurasa unaolipiwa kwa fedha zake. Aende tawini, aombe nakala, aangalie kama thamani ni ya mali nzima au ya deni tu. Aangalie pia kama ile bima nyingine anayokatwa, ya maisha ya mkopaji, inalipa salio la mkopo peke yake akifariki au inaiachia familia chochote. Mara nyingi hulipa salio tu. Ni kinga nzuri kwa nyumba iliyowekwa rehani, ila mjane asiiweke kwenye hesabu ya karo. Maofisa wa benki wanaosoma hapa nawaomba waitoe nakala hiyo bila kusubiri kuombwa.

Mstari unaotaja majanga yanayokingwa ndio unaotenganisha matumaini na mkataba. Bima ya moto ya kawaida hukinga moto, radi na aina fulani za mlipuko. Mafuriko, dhoruba, tetemeko la ardhi, ghasia na wizi wa kuvunja huongezwa kimoja kimoja, na kila kilichoongezwa lazima kionekane kwenye ukurasa au kwenye karatasi iliyoambatishwa. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka Kagera na nyumba za Bukoba zikapasuka. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likafunika sehemu ya mji wa Katesh. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo watu wakiwa ndani na mzigo ukiwa madukani. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoanza kwa moto. Mwenye ukurasa uliotaja moto na radi tu, kwa hasara za namna hiyo hana dai. Huko Nairobi, wenye maduka yaliyovunjwa wakati wa maandamano ya Juni 2024 walikabiliwa na swali la aina hiyohiyo, kwa kuwa ghasia za kisiasa huhitaji kinga yake.

Kwa gari swali ni fupi zaidi: bima kubwa au ndogo? Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari barabarani liwe walau na kinga kwa madhara litakayowaletea watu wengine, na hiyo ndiyo bima ndogo. Haimrudishii mwenye gari hata kioo cha pembeni. Najua ni jambo linalojulikana, lakini wapo wanaoamini wamekata kubwa na ukurasa unasema ndogo, kwa sababu tu fedha waliyomtumia wakala ilikuwa nyingi. Ada, kodi na jumla viwe vimetenganishwa, na jumla hiyo ilingane na stakabadhi. Gari la milioni 20 kwa asilimia 3.5 ni shilingi 700,000; kodi ya asilimia 18 ni 126,000; jumla 826,000. Ukurasa ukionyesha ada ndogo kuliko uliyolipa, kuna fedha iliyobaki njiani, na pengine hata kinga imebaki nayo.

Makato, ambayo wenyewe huyaita ekses, ni kiasi ambacho mteja hubeba mwenyewe katika kila dai. Yasomwe kama yalivyo: "asilimia 10 ya dai, isipungue shilingi 500,000" maana yake ni kwamba bampa la shilingi 600,000 litakuletea laki moja. Kwa ada nafuu sana, makato huwa makubwa. Hapo si kosa. Ni biashara, alimradi umeijua kabla. Masharti maalumu yanahitaji jicho kali zaidi: mlinzi wa usiku, vizima moto vilivyokaguliwa, nondo madirishani, king'amuzi cha wizi kwenye gari. Ukurasa ukisema kuna mlinzi, basi awepo usiku wa tukio. Mwenye duka ambaye hana uwezo wa kumlipa mlinzi aiambie kampuni sharti hilo liondolewe au ada ibadilishwe, asilikubali kwa kunyamaza.

Kwenye bima ya maisha ukurasa ni mfupi na makosa yake huumiza watu ambao hawakuwahi kuuona. Tarehe ya kuzaliwa ikitofautiana na ya kitambulisho cha Taifa, malipo yanaweza kupunguzwa kulingana na umri halisi. Mnufaika anaweza kuwa baba aliyekwisha kufariki, mchumba wa miaka ya nyuma, au mtoto aliyeandikwa kwa jina la utani la nyumbani. Anayeoa, anayeachana, anayepata mtoto au anayefiwa na mnufaika aufungue ukurasa huo mwezi uleule.

Makosa mengi ya ukurasa yana chanzo kwenye fomu ya maombi. Wakala anajaza, mteja anasaini chini bila kusoma, na kuanzia hapo majibu ni ya mteja. Sheria ya bima imesimama juu ya msingi wa uaminifu wa hali ya juu tangu Lord Mansfield alipouelezea katika kesi ya Carter na Boehm mwaka 1766, kesi iliyohusu ngome ya Waingereza kule Sumatra: anayeomba bima ndiye anayeijua mali yake, kwa hiyo aseme yote ya maana. Omba nakala ya fomu uliyosaini na uihifadhi pamoja na ukurasa. Kama swali la "umewahi kupata hasara?" limejibiwa hapana, na duka lako liliwahi kuvunjwa, lirekebishe leo.

Kurekebisha kwenyewe ni rahisi. Andika barua pepe au ujumbe kwa kampuni, na nakala kwa wakala au dalali, ukitaja namba ya bima, kilichoandikwa na kinachotakiwa kuandikwa. Kinachorudi kiwe karatasi ya marekebisho yenye tarehe na saini ya kampuni, iambatane na ukurasa wa mwanzo. "Nimeshaweka sawa, usijali" ya kwenye simu haihesabiki. Ukiwa na bima ya gari, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima uone kama bima yako inatambulika, ni ya kampuni gani na ya tarehe zipi. Dai likikataliwa nawe unaona umeonewa, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyeanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Naye atauliza karatasi zilezile.

Jambo moja limekaa vibaya na kampuni zenyewe zinaweza kulimaliza. Nyingi bado hutoa ukurasa huu kwa Kiingereza, katika nchi ambayo tangu mwaka 2021 imeamua kwa sheria kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Kijitabu kirefu kinaweza kungoja wafasiri. Ukurasa mmoja wenye vipengele visivyozidi ishirini hauna sababu ya kungoja. Mama wa vitenge akiandikiwa "mzigo wako wote una thamani gani leo?" atajibu sawasawa, na kanuni ya wastani haitampata.

Bima inapohuishwa, tarakimu za mwaka jana hunakiliwa kama zilivyo: thamani ileile ya gari lililozeeka, mzigo uleule wa duka lililokua, anwani ya fremu uliyoihama. Kama bima yako inaisha tarehe 13 Machi, omba rasimu ya ukurasa mpya wiki ya mwisho ya Februari, ilinganishe na wa zamani mstari kwa mstari, na maswali yako yafike kwa kampuni kabla fedha haijatoka.